Gari la Kulala la Mbwana wa Koyama

Kabla sijauona uso wa Mbwana nilikuwa nimeshaizoea sauti yake. Chumba chetu na chumba chao vinatenganishwa na ukuta mmoja, hapa mtaani Alanley mjini Kismayo, na ukuta huo umeachiwa nafasi juu, karibu na mabati, ili upepo upite. Jioni ya kwanza niliporudi kutoka chuoni Mombasa, nikiwa nakunja nguo, nilimsikia mwanamume upande wa pili akisema kama anayesoma tangazo:

"Mlango wa Mulki umepakwa rangi. Kijani."

"Kijani kipi?" ikauliza sauti ya mwanamke, nzito, inayoburura maneno.

"Kijani tu."

"Hakuna kijani tu. Cha mnanaa au cha mwani?"

"Sikukitazama sana."

"Basi ulikwenda huko kufanya nini?"

Kila jioni ikawa hivyo. Mbwana alirudi kutoka ufukweni anakounda mashua, akaketi kando ya kitanda cha mkewe, akamsimulia njia nzima aliyopita: nani kafungua duka, mbuzi wa nani kazaa, ukuta upi umeanguka. Mkewe, Mwanamwema, alikuwa amepatwa na kiharusi miaka miwili nyuma. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa. Tangu siku hiyo alikuwa ametoka chumbani mara mbili tu, zote kwenda hospitali, na dirisha la chumba chake linatazamana na ukuta wa jirani. Dunia yake yote ilipita mdomoni mwa mumewe, naye Mbwana, masikini, hakuwa msimuliaji.

Alikuwa fundi. Alizaliwa kisiwani Koyama, mtoto wa fundi wa mashua, na lau si vita asingejua kazi nyingine. Mwaka 1991 yeye na Mwanamwema, mzaliwa wa kisiwa cha Chovai aliyemwoa mwaka uliotangulia, walikimbia na sufuria moja na shoka la marehemu baba yake. Walifikia kambi ya wakimbizi Mombasa. Kambi ilipofungwa walibaki mjini, na Mbwana akapata kazi katika gereji ya kuunda mabodi ya magari ya abiria. Alisema bati lilimsumbua mwaka mzima, kwa kuwa halimwambii fundi pale linapotaka kupindwa.

Katika gereji hiyo ndipo alipoliona gari la kulala. Wazungu wawili, mume na mke, waliwaletea gari lenye paa linalovuja. Mbwana alipoingia ndani alikuta kitanda, jiko, beseni la kuoshea vyombo na pazia la maua. Mzungu alimweleza kwamba huendesha mpaka wakaona mto unaowapendeza, wakasimama, wakalala hapo. Jioni Mbwana alimhadithia mkewe, naye Mwanamwema alicheka hadi akashika mbavu, akasema kwa lafudhi ya visiwani kwao:

"Wachu wana nyumba zao, halafu wanakwenda kulala njiani! Sisi tumelala njiani mwaka mzima, na gari hatuna."

Walirudi Kismayo mwaka 2014. Binti yao Tasnim alibaki Mombasa kwa mumewe. Mbwana akashika tena shoka na msumeno, na labda habari za gari la kulala zingeishia pale, kama si kile kiharusi, na kama si Haisi moja ya abiria iliyogongwa ubavuni, ikaachwa uwanjani mtaa wa pili hadi kuku wakawa wanatagia ndani yake. Mwenyewe alitaka iondoke tu. Mbwana aliivuta hadi nyuma ya nyumba yetu, akaifanyia kazi miezi minane.

Nililiona likikua. Aliondoa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele. Sakafu aliiweka ya mbao, akaziba mianya yake kwa pamba, akaikalafati kama sakafu ya chombo. Dirisha la ubavuni alilikata chini zaidi ya kawaida, ili mtu aliyelala aone nje bila kuinua kichwa. Mlango wa nyuma aliufanya uangukie chini, uwe kama jukwaa, na kitanda akakiweka juu ya reli mbili za mbao alizozipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, ili kiteleze hadi mlangoni. Watoto wa mtaa waliliita kobe. Siku Mwanamwema alipolazwa ndani kwa mara ya kwanza kujaribu, alikunja pua.

"Baba Tasnim, umeniolea mke mwenza. Papa."

"Itakwisha ikikauka."

"Tangu unioe haijakauka."

Alipoulizwa anataka apelekwe wapi kwanza, tulidhani atasema ufukweni. Akasema Gobwen, mtoni. Bahari anaijua, alisema. Alikolelewa Chovai maji ya kisima yalikuwa na chumvi hata ndani ya chai, na mama yake alikuwa akiwasimulia habari za mto kama mtu anavyosimulia pepo: maji matamu yanapita mchana na usiku wala hakuna anayeyateka. Ukiondoa miaka ya Mombasa, maisha yake yote aliishi mwendo wa asubuhi moja kutoka mto huo, na hajawahi kutia mguu. "Nataka nitie miguu," alisema. "Huu mzima na huu mfu."

Tukaondoka Alhamisi ya vuli, jua likiwa limepanda kidogo. Mbwana aliendesha. Mimi nilikaa nyuma na Mwanamwema, nimshike kwenye mashimo. Njia nzima alikuwa amebandika uso dirishani. Alisoma kila kibao. Alimtambua mtu mmoja aliyepita na punda, akapiga kioo, yule mtu akageuka huku na huku asione kitu.

Kwenye kizuizi cha njiani, askari mmoja alizunguka gari mara mbili.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa Kisomali.

"Gari la kulala," Mbwana akajibu.

"Nani analala?"

"Mke wangu."

Askari akafungua mlango, akamkuta Mwanamwema anamtazama kutoka kitandani, akarudi nyuma haraka. "Samahani, mama."

"Ingia mwanangu, usiogope," Mwanamwema akamwambia. "Ila uvue viatu."

Askari wenzake walicheka kweli kweli. Yule wa kwanza akatwambia turudi mapema, maana saa kumi na mbili jioni wanafunga njia na baada ya hapo hapiti mtu.

Gobwen mto umekaribia kukutana na bahari. Tuliukuta mpana na mzito. "Rangi ya chai ya maziwa," Mbwana akasema.

"Chai gani hiyo? Hii ni halua iliyoungua," mkewe akamsahihisha.

Mbwana alishuka kwanza peke yake. Aliukagua ukingo kama mafundi wanavyoukagua ufukwe wanapotaka kuegesha chombo. Aliukuta mstari wa majani makavu na vijiti, alama ya pale maji yalipofika siku zilizopita. Akahesabu mwezi: ulikuwa wa ishirini na mbili, siku za maji mafu, ambapo bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo. Pale karibu na mlango wa mto bahari huusukuma mto kweli, hilo kila mvuvi wa pwani hii analijua. "Yatajaa saa tano hivi," alisema, "adhuhuri yataanza kutoka. Mstari huu hayaupiti."

Juu ya ukingo palikuwa na pampu mbili za kumwagilia mashamba, zimepakiwa kwenye mkokoteni, mipira yake imekunjwa. Mbwana alizitazama. "Zimeharibika," alisema, akapanda garini.

Akalirudisha nyuma pole pole kwenye mteremko, kichwa cha gari kikielekea juu na mlango wa nyuma ukielekea mtoni, akaweka magogo kwenye magurudumu. Mlango ukaangushwa. Kitanda kikateleza. Tukamketisha Mwanamwema ukingoni mwa jukwaa, nimemkumbatia kiunoni, na miguu yake miwili ikaingia majini.

Mbwana alikuwa akimwangalia usoni kwa wasiwasi, kama mtu aliyeleta mashua mpya kwa mwenyewe.

"Vipi?"

"Baridi."

"Huo mguu mwingine je?"

"Huo hauna habari. Lakini uache, ufaidi."

Kisha akateka kwa kiganja cha kushoto, akanywa, nasi tukamkemea wote wawili, naye akateka tena. Mbwana aliwasha jiko la gesi akapika chai. Tukanywa na mahamri niliyoyabeba. Mwanamwema akaanza kupanga: Alhamisi ijayo apelekwe sokoni akachague samaki mwenyewe, maana anaoletewa wamekosa macho. Ile inayofuata kwa Mulki, akauone huo mlango. Kisha bandarini. Kisha arudi hapa hapa, na safari hiyo walale kama wazungu wale. Mbwana aliitikia kila moja kwa "Inshallah," na nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya kwa furaha.

Maji yalifika kwenye mstari wa majani makavu kabla ya adhuhuri. "Sasa yatasimama," akasema Mbwana. Majani yakaanza kuelea, yakaondoka. "Yamezidi kidogo," akasema.

Mara tukasikia mtu anapiga kelele kutoka juu. Mwanamume alikuja mbio, kikoi kimepandishwa magotini.

"Mtoeni mama miguu! Mtoeni!"

Tulimvuta Mwanamwema nyuma kwa kishindo, chai ikamwagika. "Kuna mamba?" niliuliza.

"Mamba wapo, lakini hata gari litazama! Nani kakwambieni muweke gari hapa?" Alikuwa anaitwa Ilyas, mkulima wa hapo, na Kiswahili chake alikipata kwenye kambi za Kenya.

"Maji yanatoka sasa hivi," Mbwana akamwambia kwa utulivu. "Adhuhuri imeingia."

"Yanatoka yanakwenda wapi?"

"Baharini. Leo ni maji mafu."

Ilyas alimtazama, akaitazama sakafu iliyokalafatiwa, akaelewa. Alishusha sauti. "Mzee, hii si bahari iliyopanda. Huu ni mto unaoshuka. Mvua imenyesha milima ya Uhabeshi wiki nzima. Tangu juzi tunapigiwa simu kutoka Bardera, huko juu mtoni. Pampu zetu tumezipandisha, hukuziona?"

"Niliziona."

"Basi?"

Mbwana aligeuka akazitazama tena pampu. Aliuliza, "Yatarudi saa ngapi?"

"Saa?" Ilyas akasema. "Mwaka juzi yalikaa siku kumi na tisa."

Mbwana aliruka kwenye usukani. Injini iliitika mara moja, magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha matope, yakazama. Akatia majani chini yake, akatia mikeka yetu, akatia ubao wa jukwaa alioupiga randa yeye mwenyewe. Yakazama zaidi. Ilyas akaita wenzake, wakaja watano.

Kwetu Kismayo chombo kikitaka kupandishwa pwani, mwenyewe husimama akaita tu. Watu thelathini, arubaini, huacha shughuli zao wakaja. Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia, na kwenye kiitikio wote huvuta pamoja. Nimeona mashua kubwa ikienda juu kama imepungukiwa uzito. Mbwana aliweka bega kwenye bati, akautoa wimbo ule kwa sauti ya juu, akanyamaza kungoja kiitikio. Wakulima wale walitazamana. Hawakuujua. Kila mmoja alisukuma kwa wakati wake, mmoja akisukuma mwingine akipumua. Mbwana aliurudia, akajiitikia mwenyewe. Gari halikusogea hata unywele, ila kule nyuma lilizidi kushuka.

Maji yakaingia ndani. Ndala za Mwanamwema zilielea zikatoka mlangoni, mimi nikiziangalia.

"Tumtoe mama," akasema Ilyas.

"Sitoki," akasema Mwanamwema.

"Mwanamwema," Mbwana akasema.

"Sitoki. Mara ya mwisho niliyotoka mbio kwangu nilikaa nje miaka ishirini na tatu. Mimi na kitanda hiki tumekuja pamoja."

Mbwana alipiga magoti ndani ya maji. "Ni hapo juu tu. Nyumba ile unayoiona. Hatua mia."

"Hata ile uliniambia ni wiki mbili."

Ilyas aligeuka akatazama mtoni. Mimi nilikuwa nimeushika mkono mfu wa Mwanamwema bila kujua. Hatimaye Mbwana akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume wa umri wake, "Sina la kufanya, Mama Tasnim. Nisaidie wewe."

Mwanamwema aliuachia ukingo wa kitanda. "Haya," akasema. "Lakini godoro lije. Nisije nikalalia mkeka wa watu na mgongo huu."

Wanaume wanne walimbeba juu ya godoro lake, maji yakiwafika magotini. Wardah, mke wa Ilyas, alimpokea barazani, akamlaza ubavu, akampa maziwa ya moto. Kutoka barazani pale mto ulionekana wote, na gari likiwa limeinamia nyuma kama mnyama anayekunywa.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki. Mashamba ya kando ya mto yana trekta moja wanaloshirikiana, na siku hiyo lilikuwa kijijini Yontoy, linalima, na dereva wake Husein. Ilyas alimpigia simu.

"Anasema akimaliza mistari iliyobaki anakuja."

"Mwambie gari linazama," Mbwana akasema.

"Nimemwambia."

"Mwambie lina mgonjwa."

"Mgonjwa si yuko barazani?"

"Ni la mgonjwa. Mwambie hivyo."

Ilyas akamwambia. Mbwana alirudi garini, akafungua betri akaitoa, akaipandisha ukingoni kifuani mwake kama mtoto. Akaenda tena akaleta jiko la gesi, na pazia. Kisha hakukuwa na cha kuleta. Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele, na haibebeki kifuani. Alinieleza mwenyewe, bila mimi kumuuliza: kitanda kikilowa kitakauka, mbao zitakauka, lakini maji ya matope yakifika chini ya viti vile na kuingia kwenye injini, basi kwisha. Injini nyingine hataipata. Na bila injini Mwanamwema anarudi kwenye chumba chake, awe anautazama ukuta wa jirani mpaka siku yake.

"Bado dhiraa moja," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Bado shibiri mbili." Sikumwambia kwamba ni kitu kile kile.

Alasiri Ilyas alipigiwa simu. Husein amemaliza, ameanza njia. Tulisimama wote. Dakika chache baadaye akapiga tena: bonde la katikati limeshajaa maji, trekta halipiti, lazima azunguke kwa juu, njia ya vichuguu.

"Kuzunguka ni muda gani?" niliuliza.

"Itategemea," Ilyas akasema. "Akiwa na mafuta ya kutosha si muda mrefu."

"Anayo?"

"Hakusema."

Kutoka barazani Mwanamwema aliita: "Baba Tasnim! Njoo ukae. Ukilikodolea macho ndiyo litapanda?"

Mbwana aliinua mkono kuonyesha amesikia, lakini hakwenda. Alikuwa amesimama mbele ya gari, ameweka kiganja juu ya bati, pale injini ilipo. Wakulima wale watano nao hawakuondoka. Mmoja wao, labda kwa kuona aibu ya ule wimbo, alimuuliza kiitikio chake ni kipi, ili trekta likija wasukume vizuri kutoka nyuma. Mbwana alimwambia. Mtu yule akakirudia, akakikosea, akakirudia tena. Wenzake wakamfuata. Wakakijaribu mara tatu nne pale matopeni, bila kusukuma chochote, na mara ya mwisho walikipata.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa mjini. Njia ya Kismayo ilikuwa inakaribia kufungwa, na sote tulijua hatutaiwahi, lakini hakuna aliyeitaja. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha mlango wa dereva. Wardah alitoka na birika la chai, akawagawia watu wa ukingoni, akarudi kwa Mwanamwema, naye akamuuliza wanasema nini huko chini.

Ghafla mmoja wa wakulima akainua kidole. "Nyamazeni."

Tukanyamaza. Kwa mbali, nyuma ya migomba, palikuwa na mvumo. Ulisikika, ukapotea, ukasikika tena. Ilyas alisikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Ni trekta?" Mbwana akauliza.

"Huenda. Au ni pampu ya upande wa pili."

"Mpigie."

"Nimempigia sasa hivi, mzee. Hapokei, yuko njiani."

"Mpigie tena," akasema Mbwana, bila kuutoa mkono wake kwenye bati, na wote tukageukia upande wa migomba.